Fukwe Zote Isipokuwa Mmoja

Montego Bay, Jumapili, 9 Desemba 2018

Nilipanda ndege pale Kingston tarehe 23 Oktoba 1966, nikiwa na miaka ishirini. Kwa hesabu ya leo nimekaa mbali miaka hamsini na miwili, mwezi mmoja na siku kumi na sita. Naiandika hesabu hii kwa sababu mchana afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza, "Umekuja matembezi, mzee?" nami nikakosa jibu. Huko Leeds nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minane. Kazi yangu ilikuwa kuwinda makosa ya wengine kabla kitabu hakijatoka. Swali la maneno matatu likanishinda. Nikasema ndiyo, matembezi.

Marvalyn, binti wa dada yangu Icilda, alinipokea. Ana miaka arobaini na minne na basi dogo jeupe la kutembeza watalii, na anaendesha kama mtu anayekimbia mvua. Nilimuuliza kesho tutoke saa ngapi kwenda Guava Bight.

"Kesho, Mjomba? Baridi ya Uingereza bado imo mifupani mwako. Pumzika kwanza. Nitakuzungusha nchi nzima, uone fukwe mpaka uziote."

"Sikuja kuona fukwe. Nimekuja nyumbani."

"Nyumbani hakukimbii," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Guava Bight ni kijighuba cha Portland, upande wa mashariki ambako mvua haina likizo. Hapo pana nyumba ya mbao ya wazazi wetu, makaburi yao, na ardhi ya ukoo. Ardhi ya ukoo haiuzwi wala haigawanywi. Kila aliyezaliwa kwa damu ile anaweza kurudi hata akiwa kikongwe, akajenga chumba, akazikwa. Kitovu changu kilifukiwa hapo, na baba akapanda mshelisheli juu yake. Kabla ya mwisho wa Machi lazima niwaambie wenye nyumba za wazee kule Leeds kama ninakiacha chumba changu au ninakishika. Nimekuja kumwomba Icilda pahali pa chumba kimoja karibu na kaburi la Mama. Sina haja nyingine.

Mkobani nina barua. Ilifika Septemba kutoka kwa mawakili wa Kingston nisiowajua. Wanauliza kama mimi ndiye Ransford Pinnock, mwana wa Hezekiah na Adina wa Guava Bight, na kama ningependa kuzungumza nao juu ya haki yangu katika ardhi. Sijawajibu. Nataka Icilda anieleze kwanza.

10 Desemba

Ufukwe wa Doctor's Cave. Maji mazuri. Nilipokuwa kijana wa hapa sisi weusi tusingeruhusiwa kuyakanyaga.

Jumatano, 12 Desemba

Mkoba wangu umefunguliwa. Bahasha ya mawakili niliiweka kifuniko kikitazama chini, kama niwekavyo bahasha zote. Leo kinatazama juu. Hakuna kilichopotea. Nyumba hii ina watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi.

Jumamosi, 15 Desemba

Falmouth, kuona nyumba za zamani za wenye mashamba ya sukari. Meli ya watalii kubwa kama mtaa ilikuwa imetia nanga, na sokoni kila mtu alikuwa anauza. Mama mmoja muuza machungwa alimuuliza Marvalyn, "Na huyu mzee mtanashati ni nani wako?"

"Huyu Bwana Brown, mteja wangu. Katoka Uingereza."

Garini nilimuuliza, "Mimi nimekuwa Brown tangu lini?"

"Mjomba, watu wa huku wakijua una ndugu watakuomba hata soksi ulizovaa."

Nilicheka. Baadaye kicheko kikanikauka. Falmouth hakuna mtu anayenijua. Kwa nini unifiche mahali nisipojulikana? Mtu hufanya hivyo akiwa anajizoeza.

Jumanne, 18 Desemba

Icilda amekuja. Ana miaka sabini na minane na magoti mabovu, lakini ndiye aliyebadilisha teksi tatu kutoka Portland, huku mimi mwenye magoti mazima nimekalishwa barazani nikinywa chai ya tangawizi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu kama mtu anayehakikisha noti.

"Umezeeka vibaya, Fordie."

"Na wewe meno umeyaacha wapi? Kwenye picha ulikuwa nayo."

"Nimeyaweka akiba, nije niyavae siku ya kukuzika."

Alicheka sana, kisha ghafla akageukia kikapu na kuanza kukifungua. Viazi vikuu vinne vyenye udongo mwekundu wa kwetu. Mbaazi mbichi. Shelisheli moja kubwa.

"Limetoka kwenye mti wangu?"

"Wako, ndiyo." Hakunitazama.

"Dada, Marvalyn ananiambia daraja la Guava Bight limevunjika."

"Limevunjika, ndiyo."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata mbuzi hapiti."

"Sasa wewe na viazi vinne mmepitaje?"

"Tulivuka majini, mdogo wangu. Kwani mimi naogopa maji?"

Alikuwa amevaa viatu vya turubai vyeupe. Niliviangalia sana. Havikuwa na doa.

Nilimweleza haja yangu, chumba kimoja karibu na Mama. Alikuwa akimenya mbaazi, na vidole vyake vikasimama. Marvalyn jikoni naye akasimamisha maji ya bomba. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza.

"Tutazungumza mwezi wa tatu," akasema.

"Kwa nini wa tatu?"

"Mvua itakuwa imekwisha."

Mvua ya Portland! Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba haina mwisho.

Sikumwonyesha barua. Nilikuwa nimekusudia kumwonyesha. Lakini alipokuwa anaaga aliniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na kule Leeds, hakuna watu wanaokuandikia? Watu wa huku?" Nikasema hakuna. Akaitika kwa kichwa taratibu. Kwa hiyo anajua kwamba nimemdanganya, nami najua kwamba anajua.

Alhamisi, 20 Desemba

Sababu nilizopewa mpaka leo za kutokwenda nyumbani: daraja limevunjika, nyumba imepakwa rangi na haijakauka, jirani ana mbwa mkali, shangazi fulani nisiyemkumbuka ana homa ya kuambukiza. Kazini nilijifunza kwamba sababu nne za jambo moja maana yake hakuna hata moja iliyo ya kweli.

25 Desemba

Kinywaji cha rosela, keki nyeusi, upepo wa Krismasi ukivuta mapazia. Icilda hakuja. Eti mafua.

Negril, Jumatano, 2 Januari 2019

Maili saba za mchanga, nami nimetembezwa zote. Marvalyn ana wageni sita Wakanada, na mimi, Bwana Brown, ni wa saba. Anawaambia utani uleule kila kituo, nao wanacheka upya. Ni mwerevu na mpole, na vijana wa ufukweni wanamheshimu. Ningejivunia mpwa kama huyu kama ningemwamini.

Waliposhuka kuangalia watu wakirukia baharini kutoka majabalini, nilitafuta karatasi ya kujifuta jasho kwenye kisanduku cha mbele ya kiti. Nikakuta ramani ya mpimaji, mpya, yenye mhuri. Kijito, barabara, ukingo wa bahari, na vigingi vyenye namba kutoka moja hadi kumi na nne. Juu yake, kwa herufi kubwa: GUAVA BIGHT, ENEO LA PINNOCK.

Nikairudisha kama nilivyoikuta, maandishi yakitazama chini.

Ardhi ya ukoo haipimwi, kwa sababu hakuna anayeinunua. Ikipimwa, yuko anayeinunua. Sasa kila kitu kinakaa mahali pake. Zile fukwe, zile chai za tangawizi, jina la Brown, mwezi wa tatu. Wananizungusha kama mtoto anayepewa peremende wakati godoro lake linatolewa nje. Icilda ameuza. Amemuuza Mama pamoja na kaburi lake, na mimi nimekuwa mtalii wa kupotezewa muda mpaka jambo hilo limalizike.

3 Januari

Nimeshindwa kula.

Treasure Beach, Jumatatu, 7 Januari

Wavuvi, mchanga mweusi, watu wakimya. Marvalyn aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto.

Ocho Rios, Ijumaa, 11 Januari

Wageni walikwenda kupanda maporomoko ya maji wameshikana mikono kama mkufu. Mimi nilibaki mjini. Nilikwenda kwenye duka la simu na kupiga namba iliyo kwenye barua ya mawakili.

Msichana mwenye sauti ya asali alipokea. Nikasema nauliza habari za ardhi ya Guava Bight. Mara moja sauti ikabadilika, ikawa macho. "Na jina lako, bwana?"

Nilitaka kulitaja. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilikumbuka vile Icilda alivyonishika uso, nikaweka simu chini. Sikuwa nimemsamehe. Nilitaka tu kumshitaki mimi mwenyewe, ana kwa ana, kabla sijamshitaki kwa wageni.

Alhamisi, 17 Januari

Leo nimevunja adabu. Nilifunga begi, nikaliweka mlangoni, nikamwambia Marvalyn kwamba napanda basi la abiria mpaka Port Antonio na kutoka hapo nitakwenda kwa miguu.

"Mjomba, usifanye hivyo."

"Ndiyo nafanya. Nimeona Negril, nimeona Falmouth, nimeona Black River na mamba wake. Nimeona kila tone la maji ya kisiwa hiki isipokuwa lile nililobatiziwa. Mnanificha nini?"

"Hatukufichi kitu."

"Basi mnanificha mimi."

Hapo uso wake ulibadilika. Nilikuwa nimesema kweli bila kujua nimesema nini. Alikaa juu ya begi langu, mwanamke mzima, akajifunika macho.

"Nitakupeleka Port Antonio," akasema mwishowe. "Alhamisi ijayo. Lakini utavaa kofia na miwani ya jua, na hutasema jina lako. Niapie."

"Aape nani, Brown?"

Hakucheka.

Port Antonio, Alhamisi, 24 Januari

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Tulipita Buff Bay, tukapita Hope Bay, basi limejaa Wakanada wapya, na kwa kila kona nilianza kuyajua majani. Huku kijani kimezidi hata barabara inaonekana kama kosa. Marvalyn alituonyesha Frenchman's Cove na mto wake baridi unaoingia baharini, akatuonyesha Blue Lagoon. Wageni wakapiga picha. Mimi nilitazama mashariki. Kutoka hapo mpaka Guava Bight ni maili tisa. Saa sita na nusu tukasimama Boston kula nyama ya kuchomwa, maana hakuna dereva wa watalii awezaye kupita Boston bila kusimama.

Moshi ulinichoma macho. Nikavua miwani nijifute.

Kando ya barabara, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mzee mwembamba akiuza mbaazi zilizomenywa, amevaa tai. Nilimjua kwa masikio yake. Bertram Goulbourne, tuliyekaa dawati moja miaka sita. Icilda alikuwa ameniambia kwamba siku hizi ni shemasi. Naye aliinua uso, akaniona.

Sijapata kuona mtu akiogopa vile. Aliinuka, ndoo ikaanguka. Kisha shemasi Goulbourne alifungua kinywa akamwaga matusi ya bandarini, ya mama na ya baba, ya mbele na ya nyuma, mpaka wachoma nyama wakaacha visu vyao. Mkanada mmoja aliuliza kama hii ni sehemu ya burudani. Mimi nilielewa. Kwetu, mzimu hufukuzwa kwa matusi. Bertram alikuwa ananitukana kwa nia njema.

"Bertie," nikasema.

"Toka! Rudi ulikozikwa! Mimi ndiye niliyekubeba, mimi nilikuimbia, una nini na mimi?" Akachota konzi ya mbaazi akazirusha miguuni pangu. "Hesabu! Kama wewe si mzimu, hesabu!"

Hili nalo ni la kwetu. Mzimu hauwezi kuhesabu kupita tatu. Unafika tatu, unapotea, unaanza tena.

Marvalyn alikuwa amenishika mkono, kucha zikiingia. "Usihesabu," alinong'ona. "Mjomba, nakuomba, usihesabu. Twende."

Lakini maisha yangu yote nimeishi kwa kutoruhusu kosa lipite. Niliinama.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Bertram aliacha kupumua.

"Nne," nikasema, kwa sauti ndogo, kwa ajili yake tu. "Tano. Sita. Bertie, ni mimi. Bado nakudai kalamu."

Shemasi alikaa chini barabarani, mahali pasipo ndoo. Midomo yake ilisema, "Nne. Amepita nne." Machozi yakamtoka. Kisha akamtazama Marvalyn, na nikaona hofu ya pili ikija mahali pa ile ya kwanza, hofu ya mtu mwenye akili timamu.

"Icilda amenifanyisha nini?" akamuuliza.

Marvalyn alinisukuma garini kama mzigo. Hatukula.

Montego Bay, Jumamosi, 26 Januari

Icilda alifika saa nne asubuhi. Safari hii hakuleta viazi. Alikaa mbele yangu, mkoba wa kanisani mapajani.

"Nimekuua," akasema. "Miaka minane iliyopita. Una kaburi zuri, lina vigae."

Akaeleza, naye Marvalyn amesimama nyuma yake. Kuna kampuni inayotaka kujenga hoteli katika ghuba yetu. Ardhi ya ukoo haina hati. Ushahidi wake ni makaburi na watu wanaokumbuka. Kampuni ikaanza kuwatafuta warithi wa nje. Mrithi mmoja tu akitia saini, wanaweza kudai ardhi igawanywe, na haiwezi kugawanywa bila kuuzwa. Majirani wawili walikwisha kupoteza zao namna hiyo, kwa saini za wajukuu ambao hawajawahi kuzikanyaga.

"Kwetu mrithi wa nje alikuwa mmoja," Icilda akasema. "Wewe."

"Ukadhani nitauza."

"Sikudhani. Nilijua hutauza."

"Hukujua, Dada."

Alivuta pumzi. "Sikujua. Miaka kumi na moja hukuandika hata mstari, Fordie. Mama alikufa anauliza posta inafunguliwa saa ngapi. Mtu wa hivyo nitajuaje atauza au hatauza?"

Kuanzia 1979 mpaka 1990 sikuandika. Nilikuwa na sababu. Zilikuwa nne.

Kwa hiyo aliwaambia watu kwamba nilikufa zamani Uingereza na mke niliyeoa huko hakuwaarifu, na kwamba mifupa yangu imeletwa. Kanisa lilikuja, sanduku likabebwa. Kisha akaenda kuapa kwamba yeye ndiye mrithi pekee aliye hai, na shemasi Goulbourne akaapa baada yake kwamba alinizika kwa mikono yake. Kesi ilipita mikononi mwa majaji watatu, mmoja baada ya mwingine. Uamuzi ni tarehe 5 Machi. Ile ramani ni ya mpimaji wa mahakama, ya kuandikisha ardhi kwa jina la ukoo ili isiuzwe milele.

"Halafu wewe unapiga simu kwamba unakuja! Na mtoto huyu anafungua mkoba wako anakuta barua ya walewale mawakili wa kampuni. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri amekuja kuuza."

"Basi."

Wiki saba nimewashuku, na wiki hizohizo walikuwa wananishuku, sote tukinywa chai ileile.

"Kwa nini msiniambie tu?"

Marvalyn ndiye aliyejibu. "Mjomba, wewe ulinikatiza sala ya Krismasi kwenye simu, kuniambia nimekosea mwaka wa kuzaliwa Babu. Tungekuambia kuna uongo umeapiwa mahakamani, ungelala?"

"Sandukuni kulikuwa na nini?" nikauliza.

"Barua zako," Icilda akasema. "Zile za kabla. Na mawe mawili ya mto, kwa uzito."

"Na kwenye jiwe umeandika nilikufa lini?"

"Elfu moja mia tisa sabini na tisa." Alinitazama usoni. "Nilitafuta mwaka ambao haungekuwa uongo mtupu."

29 Januari

Mvua. Bado naipima hadithi yao. Nzuri sana, imefungana kila upande. Hadithi nilizozikuta zimefungana hivyo kazini, mara nyingi mwandishi alikuwa ameziiba.

4 Februari

Nimemwambia Icilda kwa simu kwamba nitaamini nikiona. Akasema, "Ungeniamini bila kuona ningeshangaa."

Jumamosi, 16 Februari

Marvalyn alinipakia kwenye boti ya watalii inayotoka Port Antonio kufuata pwani mpaka karibu na Manchioneal. Tulikuwa kumi na wawili. Kofia, miwani, na mafuta meupe ya jua yamepakwa usoni pangu mpaka nikafanana na keki. Nahodha alikuwa kijana mcheshi anayeitwa Delroy, mwenye hadithi kwa kila jiwe.

Saa tano kasorobo tukaikunja rasi, na Guava Bight ikafunguka.

Ni ndogo kuliko nilivyoibeba. Nyumba bado ya mbao, na rangi yake imekauka tangu miaka mingi. Daraja lipo, limesimama imara, na mbuzi alikuwa juu yake. Mshelisheli wangu umekuwa mkubwa hata umeliegemea paa. Kando yake makaburi meupe. Nilihesabu. Babu, bibi, baba, Mama, na la tano lenye vigae vya buluu. Juu ya lile la tano kulikuwa na turubai lililotandazwa pimento, zile punje za kiungo, zikauke, na pembeni yake, akiwa amekalia kifua changu, mwanamke mzee akimenya mbaazi.

Aliiona boti. Hakupunga mkono. Alifungua kikapu, akatoa kitambaa, akapangusa vigae polepole, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akaendelea kumenya.

Hapakuwa na hoteli. Hapakuwa na hata kipande kilichouzwa. Nilikaa chini.

"Pale," Delroy akawaambia wageni, "ni watu waliokataa hoteli. Bibi yule anaishi na maiti zake, na zile maiti ndizo zinazomlinda. Ile ya vigae ni ya ndugu yake aliyefia Uingereza. Ana mzimu mkorofi! Mwezi uliopita umeonekana Boston, mchana kweupe, umepanga foleni ya nyama."

"Ulikula?" mwanamke mmoja akauliza, wote wakacheka.

"Haukupata nafasi. Shemasi mmoja aliutupia mbaazi uhesabu."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Tatu, mzee. Mzimu haupiti tatu. Shemasi anasema alisikia kwa masikio yake. Moja, mbili, tatu, kimya." Akageuza usukani. "Na shemasi Goulbourne hasemi uongo."

Guava Bight ikafungwa na rasi. Marvalyn alinipa chupa ya maji, nami nikaishika bila kuifungua mpaka bandarini.

19 Februari

Icilda alikuja kuaga. Nilimwuliza kama kaburi langu halivuji. Akasema halivuji, na pimento hukauka juu yake vizuri kuliko popote. Nikamwambia basi angalau nina kazi. Tulikula wali wa mbaazi. Alinishika uso tena, na safari hii nilijua anahakikisha nini.

"Ukitaka," akasema, "nitawaambia ukweli. Wanifunge. Mimi nimeishi vya kutosha."

"Na ardhi?"

Swali langu lilikuwa ndilo jibu.

Leeds, 7 Machi

Theluji chafu. Marvalyn amepiga simu. Mahakama imeamua juzi: Guava Bight imeandikishwa kwa ukoo, haiwezi kuuzwa wala kugawanywa. Bertie aliombwa arudie kiapo chake, akarudia bila kupepesa macho. Kampuni ina haki ya kufungua tena shauri siku yoyote ikipata mrithi aliye hai ambaye hakutajwa.

Ijumaa, 29 Machi

Asubuhi nimetia saini kuendelea na chumba hiki. Msichana wa ofisini alifurahi, alisema angenikumbuka.

Mchana posta imeleta barua nyingine ya mawakili, bahasha nene, jina langu limeandikwa bila kosa hata moja. Sikuifungua. Niliiweka mezani kifuniko kikitazama chini, nikapika chai, nikachukua kalamu. Nimepita juu ya makosa ya watu wengine maisha yangu yote kwa wino mwekundu. Leo nimetumia mweusi. Juu ya jina langu nimepiga mstari mmoja mnyoofu, na chini yake nimeandika kwa herufi safi: *Amefariki 1979. Rudisheni kwa mtumaji.*

Nikaenda kuitia kwenye sanduku la posta mwenyewe. Njiani kurudi nilihesabu ngazi za nyumba hii, kama nilivyofanya kila siku tangu nihamie. Ni ishirini na moja. Nilipofika ya tatu nilisimama kidogo.

Chumba kina joto. Dirishani kuna mmea wa mbaazi niliouotesha kwenye kopo, kutoka kwenye mfuko alionifungia Icilda. Kitovu changu kiko chini ya mshelisheli, barua zangu ziko sandukuni, na dada yangu amekaa juu yangu akimenya.

Sitarudi.